Ofisi inayojali mazingira: kabla ya mapipa ya rangi, pandeni ngazi mkakague viyoyozi

SWALI: Mimi ni afisa utawala wa ofisi ya watu 36 hapa Dar es Salaam. Tumepanga ghorofa ya tatu ya jengo lililo karibu na bahari. Tuna mita yetu ya LUKU na umeme tunanunua wa takriban shilingi 1,750,000 kwa mwezi. Viyoyozi ni 10 vya BTU 18,000, na kimoja cha BTU 12,000 kiko chumba cha seva. Tuna jenereta la kVA 60, taa 40 za tyubu mbilimbili, kompyuta za mezani 20 na laptopu 16. Mkurugenzi anataka ofisi “iwe ya kijani” na ametenga milioni sita. Mawazo yaliyopo mezani ni mapipa matatu ya rangi, mabango ya kuhimiza wafanyakazi, na maua ya chungu ya kusafisha hewa. Tuanze na lipi?

JIBU: Ndugu, mapipa yatakuja na yana kazi yake, ila kwa sasa hiyo ni chachandu na wali haujainjikwa. Ofisi za pwani hula umeme kupitia viyoyozi, na viyoyozi vina madhara mengine yasiyoonekana kwenye LUKU. Nitakwenda kwa uzito wa mambo, kwa hiyo karatasi na taka zitapata mistari michache kuliko ulivyotarajia.

Tuanze na hesabu. Kwa takriban shilingi 356 kwa yuniti (kilowati moja ikitumika saa moja), kodi na tozo zikiwamo, 1,750,000 ni yuniti 4,900 hivi. Kiyoyozi cha BTU 18,000 cha aina ya kawaida, kisicho inverta (yaani kompresa yake haibadilishi mwendo), huvuta karibu kilowati 1.7 kompresa ikiwa inazunguka. Kikiwashwa saa 10 kwa siku 22, na kompresa ikizunguka robo tatu ya muda huo, kinakula yuniti 280. Vikiwa 10 ni 2,800. Cha chumba cha seva hakizimwi, kwa hiyo ongeza 475. Taa zenu za balasti za zamani, wati 85 kwa kila boksi, ni 750. Kompyuta zote 450, seva na vifaa vya mtandao 250, friji, dispensa, birika na printa kama 200. Jumla inagota pale pale kwenye 4,900, na theluthi mbili yake ni kupoza hewa. Haya ni makadirio, lakini yanatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Kuyathibitisha hakuhitaji mshauri. Ijumaa saa 11:30 jioni, mtu wa mwisho akitoka, soma mita uandike yuniti zilizobaki. Jumatatu saa 1:30 asubuhi, kabla mtu hajagusa swichi, soma tena. Kama mliingiza umeme katikati, ujumlishe. Hapo katikati ni saa 62. Tuseme zimeondoka yuniti 124: gawa kwa 62, unapata kilowati 2 zilizokuwa zinakwenda mfululizo ofisini pakiwa hapana mtu. Chumba cha seva pamoja na kiyoyozi chake kinaelezea kama kilowati moja, na friji na taa ya mlinzi huongeza kidogo. Kinachobaki ni mzigo wa kusakwa. Mara nyingi ni dispensa zinazochemsha na kupoza maji usiku kucha, na moja hula yuniti moja hadi mbili kwa siku. Wakati mwingine ni kiyoyozi cha chumba cha mikutano kilichosahauliwa tangu Alhamisi. Fundi umeme mwenye klampu (kipimo cha umeme kinachobana waya) akipita kwenye bodi, breka moja baada ya nyingine, atakuonyesha mzigo uko mstari gani ndani ya nusu saa.

VIYOYOZI

Rimoti kwanza. Karibu kila ofisi mjini utakuta nyuzi 18, na sababu inayotolewa ni kwamba “kinapoza haraka”. Hakipozi haraka. Kompresa ya kawaida ina hali mbili tu, inazunguka au imesimama. Ukiweka 18 au 25, dakika 20 za mwanzo ni zilezile. Tofauti ni kwamba ukiweka 18 mchana wa kaskazi, chumba hakitafika huko kamwe, na kompresa haitapumzika mpaka jioni. Cha inverta chenyewe hupunguza mwendo kikikaribia nyuzi ulizoweka, lakini ukikiwekea 18 hakikaribii, na faida uliyoilipia inapotea.

Wekeni 25, na pangaboi juu. Pangaboi moja hula wati 60 au 70, na upepo wake mwilini ni kama kushusha joto nyuzi mbili tatu. Kila nyuzi moja unayopanda huokoa karibu asilimia 5. Kutoka 20 hadi 25 ni kama robo ya zile 2,800, yaani yuniti 700, au takriban shilingi 249,000 kwa mwezi. Kosa linalofanywa ni kutoka 18 hadi 26 kwa siku moja kwa tangazo la barua pepe. Saa sita mchana watu wanatoa rimoti mifukoni, na zoezi limekufa. Pandisheni nyuzi moja kwa wiki, pangaboi zikiwa tayari zimefungwa. Kama dari ni fupi, chini ya mita 2.6 hivi, pangaboi ni hatari kwa mtu anayenyoosha mikono, kwa hiyo tumieni feni za ukutani.

Machi hadi Mei kero kubwa ni unyevu kuliko joto. Kiyoyozi kikubwa kuliko chumba kikiwekwa 26 hupoza upesi, kinasimama, na kukiacha chumba kina ubaridi wenye majimaji. Makaratasi yanajikunja na mafaili yananuka. Bonyezeni hali yenye alama ya tone la maji, ambayo hupunguza mwendo wa feni na kukausha hewa zaidi. Upande wa pili, Juni hadi Agosti kusi ikivuma, madirisha yakifunguliwa asubuhi hadi saa nne mnaweza kukaa bila kiyoyozi kabisa. Ofisi nyingi hazijui hilo kwa sababu viyoyozi huwashwa na mfanyausafi saa 12 asubuhi kabla ya yeyote kufika. Mwambieni awashe dakika 15 kabla ya watu kuingia, na mtu mwingine azime nusu saa kabla ya kufunga, maana kuta na dari hubaki na ubaridi kwa muda huo. Saa moja iliyopungua kwa siku ni yuniti 280 kwa mwezi.

Sasa usafi. Filta ya ndani inatakiwa kutoka kila baada ya wiki mbili, na kazi hii haihitaji fundi. Zima breka, fungua kifuniko cha mbele, chomoa filta kwa kuivuta juu kidogo kisha nje, isukutue kwa maji ya bomba ukianzia upande wa ndani ili vumbi litoke lilikoingilia. Ikaushe kivulini, kwa sababu jua kali huipinda ikagoma kurudi kwenye reli zake. Viyoyozi 11 ni kazi ya asubuhi moja. Mashine ya nje ni kazi ya fundi kila miezi mitatu, na karibu na bahari usivushe hapo: chumvi hula mapezi ya alumini mpaka yanavunjika kama mkate mkavu. Isafishwe kwa maji baridi ya presha ndogo. Ukiona fundi amekuja na mashine ya kuoshea magari, msimamishe. Itayalaza mapezi, hewa isipite tena, na mwezi ujao atakwambia gesi imeisha.

Hapo kwenye gesi ndipo ninapotaka usome taratibu. Kiyoyozi hakitumii gesi kama gari linavyotumia mafuta. Gesi inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama kila kiungo kiko sawa itakaa humo mpaka mashine ife. Fundi anayekuja kila miezi sita “kuongeza gesi” anajaza pipa lililotoboka. Gesi ya R-410A, iliyomo kwenye mashine nyingi zilizopo ofisini leo, kilo moja ikitoroka hewani inaongeza joto la dunia sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa. R-22 ya mashine za zamani ni 1,810, na inaharibu pia tabaka la ozoni. R-32 ya mashine mpya ni 675. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.68. Kwa hiyo kilo moja ya R-410A iliyoachiwa hewani kwa sekunde chache, ile fuuu unayoisikia fundi akifungua nati, ni sawa na kuchoma lita 780 za dizeli. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi za jamii ya R-410A na R-32.

Kabla ya kukubali kuongezewa gesi, pima. Washa kiyoyozi dakika 15, weka kipimajoto pale hewa inapoingia juu ya mashine, kisha pale inapotokea. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Ikiwa 5, kwanza osheni filta na koili mpime tena. Mara nyingi tatizo linaishia hapo. Isipobadilika, angalieni viungo vya bomba za shaba nje: doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye nati ndilo tundu lenyewe, kwa sababu mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Povu la sabuni litathibitisha. Barafu kwenye bomba jembamba ni dalili ya gesi pungufu, na barafu iliyotanda koili yote ya ndani mara nyingi ni filta iliyoziba.

Kwenye mkataba wa matengenezo andikeni mambo manne. Gesi iliyobaki ivutwe kwenye mtungi kwa mashine ya kukusanyia, isiachiwe. Tundu litafutwe na kuzibwa kabla ya kujaza. Mabomba yatolewe hewa kwa pampu ya vakyumu, na si kwa kuisukuma hewa nje kwa gesi yenyewe, mtindo wanaoupenda mafundi wenye haraka. Na gesi ijazwe kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Fundi asiye na mizani anakisia. Pia asiingize gesi ya aina nyingine kwenye mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake. R-32 inashika moto kidogo na R-290 ni propani kabisa. Kuziweka kwenye mashine ya R-410A au R-22 kwa sababu bei ni nafuu ni kutega moto juu ya dirisha la mtu.

Usiondoe viyoyozi vyote ukanunua vipya. Milioni sita hazitoshi, na mashine nzima inayofanya kazi haifai kutupwa. Kila inayokufa irithiwe na inverta ya R-32, iliyopimwa kwa chumba kilivyo sasa. Chumba cha seva nacho hakihitaji kuwa jokofu, kwa sababu seva hukubali hewa ya nyuzi 18 hadi 27. Wekeni 25, zibeni mwanya chini ya mlango, na hakikisheni hewa baridi inapiga mbele ya seva, si mgongoni.

Jambo la mwisho hapa ni vioo. Jua la saa tisa likipiga dirisha la magharibi, pazia la ndani linachelewa, kwa sababu joto limeshaingia na limekaa kati ya kioo na pazia. Kivuli cha nje ndicho dawa, lakini ninyi ni wapangaji. Filamu ya kuakisi jua inayobandikwa kwenye kioo ni suluhisho la katikati, na mwenye jengo huikubali kwa urahisi. Madirisha ya kuteleza ya alumini nayo huwa yamepoteza brashi zake za pembeni. Brashi hizo ni za bei ndogo, na zikirudishwa zinazuia hewa ya nje kuliko mtu anavyodhani.

JENERETA

Jenereta la kVA 60 ni la kilowati 48. Umeme ukikatika na mnaendesha kompyuta, taa na viyoyozi vichache, mzigo wenu ni kama kilowati 12, robo ya uwezo wake. Kwa mzigo huo linakunywa karibu lita 5 kwa saa, yaani unapata yuniti 2.4 kwa lita. Dizeli ikiwa shilingi 2,800, yuniti moja imewagharimu zaidi ya 1,160, mara tatu ya bei ya LUKU, na kila yuniti imetoa zaidi ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Kibaya zaidi, injini ya dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote, yanaganda kama lami nyeusi kwenye bomba la moshi na kwenye pete za pistoni. Ukiona majimaji meusi yanachuruzika kwenye kiungo cha bomba la moshi, ndiyo hayo.

Msiliuze. Libaki kwa kukatika kwa muda mrefu, na hapo mpeni mzigo wa kutosha. Katikati kwa saa mbili za kwanza pawepo inverta (hapa ni kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, si ile ya viyoyozi) na betri kwa vitu vya lazima tu: laptopu, kompyuta za mezani zenye kazi, mtandao, na theluthi ya taa. Hizo zikipangwa vizuri ni kilowati 2.5, na kwa saa mbili ni yuniti 5. Betri ya lithiamu aina ya fosfeti yenye uwezo wa yuniti 5.12 hutoa kama 4.6 salama, kwa hiyo moja inapungua kidogo na mbili zinatosha kwa raha. Kama bajeti inaruhusu moja, kateni mzigo hadi kilowati 2.

Kinachoharibu mifumo hii ni soketi. Fundi akichukua mstari mzima wa soketi na kuupeleka kwenye inverta, siku ya kwanza umeme ukikatika mtu atawasha birika la kilowati 2, au printa ya leza itapasha moto roli lake kwa zaidi ya kilowati moja, na inverta itajizima na ofisi nzima. Soketi za inverta ziwe za mstari wake peke yake, zenye rangi tofauti. Betri za asidi ni nafuu kununua, lakini zisishushwe chini ya nusu ya uwezo, na katika chumba cha nyuzi 35 umri wao hukatika nusu ukilinganisha na nyuzi 25. Ukiziweka stoo ya juu isiyo na dirisha, umezizika.

Sola inawezekana kama mwenye jengo ataruhusu paa. Kilowati 5 hapa Dar hutoa takriban yuniti 20 kwa siku, kwa paneli 9 au 10 za wati 550 zinazochukua mita za mraba kama 25. Zielekee kaskazini, kwa sababu tuko kusini mwa ikweta, na mwinamo usiwe chini ya nyuzi 10 ili mvua ioshe vumbi na chumvi. Lakini kwa milioni sita, tena kwa mpangaji ambaye mkataba wake huenda ukaisha mwaka ujao, nisingeanzia huko. Yuniti 20 kwa siku ni pungufu ya mnazoweza kuokoa kwa rimoti.

TAA

Badilisheni tyubu 80 za wati 36 kwa za LED za wati 18. Kila boksi hushuka kutoka wati 85 hadi 36, na kwa taa 40 ni yuniti kama 430 kwa mwezi, shilingi 153,000. Hata tyubu ikiuzwa 10,000, kazi nzima inajilipa ndani ya nusu mwaka. Balasti zitolewe na stata ziondolewe. Angalieni aina kabla ya kulipa: kuna tyubu zinazopokea waya zote mbili upande mmoja, na nyingine zinazopokea laivu upande huu na nyutro upande ule. Mkichanganya aina mbili kwenye ofisi moja, siku mtu atakapobadilisha iliyoungua kwa aina isiyo yake, breka itaruka au tyubu itapasuka. Nunueni aina moja, na bandikeni karatasi ndani ya boksi kuonyesha nyaya zilivyo. Karibu na madirisha tyubu moja kwa boksi inatosha, na mstari huo upewe swichi yake. Zile za zamani zina zebaki kidogo. Zirudisheni kwenye makatoni ya tyubu mpya zikiwa nzima, na mzikabidhi pamoja na taka za kielektroniki.

MAJI

Watu 36 kwa chupa mbili ndogo kila siku ni chupa 1,584 kwa mwezi. Chupa kubwa za kurudisha za lita 18.9 ni afadhali sana, na msiwashe upande wa maji moto wa dispensa kama birika lipo. Mkitaka kuacha kununua maji kabisa, pimeni kwanza maji ya bomba yenu. Kama ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, na hayana chumvi, filta ya maikroni 5, ya kaboni, kisha taa ya UV zinatosha. Ya kwanza ibadilishwe kila miezi mitatu, ya kaboni kila miezi sita, taa kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu nguvu yake ya kuua vijidudu huisha kabla ya mwanga. UV ina udhaifu mmoja ambao wauzaji hawautaji: umeme ukikatika, maji yanaendelea kupita bila kutibiwa. Fungeni vali ya umeme inayojifunga umeme ukizima, au unganisheni taa hiyo na inverta. Kama jengo linatumia kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya pwani, mtahitaji mashine ya osmosisi ya kuchuja chumvi, nayo humwaga lita mbili au tatu kwa kila lita moja inayotoa. Maji hayo ya kumwaga yapelekeni kwenye vyoo.

Na vyoo vyenyewe vikaguliwe. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, subiri dakika 15 bila kuflashi. Rangi ikishuka kwenye sinki la choo, mpira wa chini umekwisha. Tundu lisilotoa sauti hupoteza mamia ya lita kwa siku, na mpira huo ni wa bei ya nauli ya bajaji.

KARATASI, TAKA NA SAFARI

Rimu ya A4 ni kilo 2.5. Mkitumia rimu 20 kwa mwezi ni kilo 50, na madhara yake kwa hali ya hewa kwa mwaka mzima ni madogo kuliko kilo moja ya gesi ya kiyoyozi iliyotoroka. Punguzeni, kwa kuwa ni pesa, lakini msigombane na mhasibu. Wekeni printa zichape pande mbili bila kuulizwa, na nyaraka zitoke mtu akiingiza namba yake ya siri. Hiyo huua zile kurasa zinazochapwa na kuachwa. Risiti za EFD (mashine za kodi) zipigwe skani mapema, maana joto huzifuta, na zisichanganywe na karatasi nyeupe za kuuza, kwa sababu zina kemikali inayochafua mzigo mzima.

Kuhusu mapipa: kabla ya kununua, pimeni taka za wiki moja kwa mizani ya jikoni. Ofisini mara nyingi uzito ni mabaki ya chakula, na ndiyo yanayolowesha karatasi na makatoni yakakosa mnunuzi. Kwa hiyo pipa moja la chakula lenye mfuniko likae jikoni, chupa na makopo kwenye la pili, na boksi la karatasi kavu karibu na printa. Ondoeni vipipa vya chini ya meza. Kazi yote huharibika saa 11 jioni, pale mfanyausafi anapomwaga kila kitu kwenye mfuko mmoja mweusi, kwa sababu hakuna aliyemwambia mzigo unakwenda kwa nani, wala gari la taka halina sehemu mbili. Mtafuteni mnunuzi wa karatasi na chupa kwanza, mkubaliane siku ya kuja, na pesa inayopatikana abaki nayo mfanyausafi. Bila mnunuzi, mapipa matatu yataishia pamoja kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi. Betri za UPS, toneri na kompyuta mbovu zikabidhiwe kwa mwenye kibali cha NEMC, baraza la mazingira, na mdai hati ya makabidhiano. Diski zifutwe au zitobolewe kabla ya kutoka.

Chakula cha mchana: nunueni sahani na vyombo vya kufunika, mama ntilie alete kwenye hotpoti. Boksi za foili na za plastiki ya povu zitatoweka zenyewe.

Kama mna safari za wizarani, treni ya umeme ya SGR imekuwa ikienda Dodoma tangu 2024. Gari la ofisi la dizeli na mtu mmoja nyuma halina hoja tena kwenye njia hiyo.

MILIONI SITA

Mpangilio wangu: usafi kamili wa viyoyozi vyote na kuziba matundu ya gesi, tyubu za LED, pangaboi au feni za ukutani, filamu ya madirisha ya magharibi, mizani na kipimajoto, vyombo vya chakula. Kinachobaki kiwekwe akiba ya betri ya inverta, kikuzwe na kinachookolewa kwenye LUKU. Vitu vyote vinavyobaki ukutani, omba kibali cha mwenye jengo kwa maandishi na mkubaliane mtaondoka na nini. Mtu mmoja, kwa jina, asome mita kila Jumatatu na Ijumaa. Kamati ya watu saba haisomi mita.

Mabango yawe mawili tu, juu ya rimoti: namba 25, na saa ya kuzima.

Na maua ya chungu: hayasafishi hewa ya ofisi kwa kiwango cha maana. Ingehitajika msitu ndani ya chumba ili kufikia kazi ya dirisha moja lililofunguliwa. Kama watu wanayapenda, wekeni kwa sababu wanayapenda. Ila visahani vyake vya chini vimwagwe na kusuguliwa kila Ijumaa, kwa kuwa mbu wa dengue anahitaji maji kidogo tu yaliyotulia, na mayai yake hushika ukingoni hata maji yakikauka.